Kitufe cha kujitoa hakirudishi salio lililokatwa

Kila baada ya muda kampuni za simu na mamlaka za mawasiliano hutangaza njia mpya ya kumwezesha mteja kujitoa kwenye huduma za ujumbe ambazo hakuziomba. India ina namba 155223, isiyo na gharama, ya kusitisha huduma za nyongeza. Nigeria ina 2442, ambako mteja hutuma neno STOP ili asiletewe tena ujumbe wa matangazo. Katika mitandao mingine kuna menyu ambayo mteja akiifungua huona orodha ya huduma zinazomkata salio, kisha huzifuta moja baada ya nyingine. Matangazo ya namna hii hupokelewa kama ushindi wa mteja. Vyombo vya habari huyarudia, watu husambaziana namba, na mjadala hufungwa hapo. Mimi nayasoma tofauti. Orodha hiyo ya huduma ni ushahidi dhidi ya anayeitoa. Kampuni ya simu inajua ni nani anamkata mteja wake, anamkata kiasi gani na tangu lini, na iliyajua hayo muda wote mteja alipokuwa akijiuliza salio linakwenda wapi.

Tatizo la ujumbe wa kulipia usioombwa tumezoea kulijadili kama hila ya mtumaji na uzembe wa mpokeaji. Mhusika mkuu anaachwa pembeni. Huyo ni kampuni ya simu, ambayo ndiyo pekee yenye uwezo wa kutia mkono ndani ya salio. Mtumaji hawezi kupata hata senti moja ya mteja pasipo mtandao kumkatia. Kwa hiyo kuthibitisha ridhaa ya mteja, na kumrudishia fedha ridhaa isipothibitika, ni wajibu wa kampuni ya simu kabla haujawa wa mtu mwingine yeyote. Njia ya kujitoa, hata iwe rahisi namna gani, inamtwika kazi mtu ambaye hakufanya lolote, na haigusi fedha zilizokwisha kuondoka.

Tuanze na namna fedha zinavyokatwa, maana wengi wanaobishana kuhusu jambo hili huruka hatua hiyo. Ujumbe wa kawaida humgharimu anayeutuma. Ujumbe wa kulipia una utaratibu wake. Ipo aina ambayo mteja hutuma neno kwenda namba fupi na kutozwa kwa kutuma, na hiyo walau huanzia kwenye kidole chake. Ipo aina nyingine, ambayo ndiyo chimbuko la malalamiko mengi, ambapo anayetozwa ni anayepokea. Utabiri wa nyota, ushauri wa mapenzi, habari za mpira, milio ya simu: ujumbe unaingia, salio linapungua. Nyuma yake kuna mlolongo wa watu watatu. Yuko mwenye maudhui, iko kampuni ya kati inayokodi namba fupi na kuunganisha mifumo, na iko kampuni ya simu, inayokata fedha, kuchukua fungu lake na kupeleka linalobaki kwa wengine. Mara nyingi taarifa kwamba mteja fulani amejiunga hutoka kwa mwenye maudhui au kampuni ya kati, na kampuni ya simu huipokea kama ilivyo. Ufa uko hapo. Yule anayenufaika mteja akihesabiwa kuwa amejiunga ndiye anayeaminiwa kusema kwamba amejiunga.

Nchi iliyoufichua ufa huu kwa upana zaidi ni Marekani. Aprili 2013 tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, ilifungua kesi dhidi ya kampuni iitwayo Wise Media, ikidai kwamba iliwatoza watu dola 9.99 kwa mwezi kwa ujumbe wa nyota na mapenzi ambao hawakuuagiza. Waliopuuza ujumbe huo wakidhani ni takataka walitozwa. Waliojibu kwamba hawautaki walitozwa pia. Mambo yangeishia hapo, tungesema ni tapeli mmoja kakamatwa. Lakini Julai 2014 tume hiyohiyo iliishtaki kampuni ya simu yenyewe, T-Mobile ya Marekani, ikisema ilikuwa ikipata kati ya asilimia 35 na 40 ya kila tozo, na kwamba baadhi ya huduma zilizopitia kwake zilikuwa na marejesho yanayofikia asilimia 40 ya waliotozwa ndani ya mwezi mmoja. Tarakimu hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa utulivu. Wateja wanne katika kila kumi wanarudishiwa fedha kwa sababu wanasema hawakuagiza, na huduma inaendelea kukata kwa wale sita ambao hawajapiga simu. Hakuna mhasibu anayeweza kuiona hesabu hiyo kila mwezi asijue maana yake.

Desemba 2014 T-Mobile ilikubali kulipa angalau dola milioni 90. AT&T ilikuwa imetangulia Oktoba kwa dola milioni 105, na milioni 80 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wateja. Mei 2015 Verizon ikakubali kulipa milioni 90 na Sprint milioni 68. Hizo ndizo zilizokuwa kampuni nne kubwa za simu za nchi nzima, na zote ziliingia katika makubaliano ya aina moja ndani ya miezi michache. Kampuni nne zinazoshindana vikali sokoni, kila moja na wanasheria wake na mifumo yake, haziwezi kudanganywa na tapeli yuleyule kwa namna ileile kwa bahati mbaya. Zilikuwa na mpango uleule wa mapato: tozo ikipita, fungu linaingia, tozo ikizuiwa, fungu linapotea. Palipo na mpango wa namna hiyo uangalizi hulegea wenyewe, hata bila mtu kuamua kufanya ubaya.

Utetezi unaosikika zaidi, na ambao hata watu wa kawaida huutumia kuwasuta wenzao, unasema kwamba hukatwi usipojiunga. Lazima ulibonyeza mahali. Siukatai wote. Wapo wanaojiunga kwa hiari na kusahau, na wapo watoto wanaochezea simu za wazazi. Lakini kuufanya huo kuwa maelezo ya tatizo zima ni kutojua simu zinavyofanya kazi. Namba ya simu ikikaa muda bila kutumika hurudishwa sokoni na kupewa mtu mwingine, na huduma alizojiunga mwenye namba wa zamani zisipofutwa humrithisha mwenye namba mpya makato ambayo hayajui. Mtu anapofungua ukurasa wa intaneti kwa data ya simu, mtandao unaweza kuambatisha namba yake kwenye ombi lake, kwa hiyo ukurasa humtambua bila yeye kuandika chochote. Hapo kugusa kioo mara moja, hata kugusa alama ya kufungia tangazo, kunaweza kuandikwa katika kumbukumbu kama kujiunga. Mteja kama huyo atakuambia kwa dhati kwamba hakujiunga, kampuni itakuonyesha kumbukumbu kwamba alijiunga, na wote wawili watakuwa wanasema wanachokijua.

Kuna pia programu hasidi, na hapa utetezi huo unavunjika kabisa. Agosti 2010 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza kuhusu programu ya Android iliyojifanya kicheza video, kumbe kazi yake ilikuwa kutuma ujumbe kwenda namba za kulipia bila mwenye simu kujua. Tishio hilo lilikua kiasi kwamba toleo la Android 4.2, lililotoka mwishoni mwa 2012, liliwekewa onyo la kumwuliza mtumiaji pale programu inapotaka kutuma ujumbe kwenda namba fupi inayoweza kumtoza. Wahalifu hawakuacha. Januari 2020 Google ilieleza kwamba ilikuwa imeondoa programu zipatazo 1,700 za familia moja tu, inayojulikana zaidi kwa jina la Joker, ambazo zilimsajili mwenye simu kwenye huduma za kulipia kimyakimya. Mwaka huohuo kampuni ya usalama ya Upstream iliripoti kukuta programu hasidi zikiwa tayari ndani ya simu mpya za bei nafuu aina ya Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikijaribu kuwasajili wenye simu kwenye huduma ambazo hawakuziomba. Mtu ametoa simu kwenye boksi, hajafungua ukurasa wowote, na mfumo unataka kumhesabu kuwa mteja wa huduma asiyowahi kuisikia. Kumwambia huyo kwamba alibonyeza mahali ni kumwonea.

Utetezi wa pili ni wa kampuni zenyewe: sisi ni wabebaji tu, kama posta, na posta haiulizwi kilichomo ndani ya kifurushi. Huu naona ndio dhaifu kuliko yote, na ajabu ni kwamba mfano walioutumia ndio unaowahukumu. Sheria ilikwisha kuamua suala la bidhaa zinazotumwa kwa posta bila kuagizwa zaidi ya nusu karne iliyopita. Nchini Marekani, tangu 1970, anayeletewa kwa posta bidhaa asiyoiagiza anaweza kuihesabu kuwa zawadi, na hadaiwi kitu. Uingereza ilipitisha sheria yake ya bidhaa na huduma zisizoombwa mwaka 1971. Umoja wa Ulaya, katika maagizo yake ya 2011 kuhusu haki za mlaji, ulikwenda mbali zaidi: anayepelekewa bidhaa au huduma asiyoiomba halazimiki kulipa, na ukimya wake hauhesabiwi kuwa ridhaa. Zaidi ya hayo, posta haimfuati mpokeaji nyumbani, ikafungua mkoba wake, ikachukua bei ya kifurushi, ikabaki na theluthi yake. Ingefanya hivyo hata mara moja, tusingekuwa tunajadili kitufe cha kujitoa. Kampuni ya simu inabeba ujumbe, ndiyo, lakini pia inakusanya fedha na kugawana, na anayekusanya fedha ana wajibu wa kujua anazikusanya kwa haki gani.

Hoja nzito ya upande wa pili ni nyingine, na sipendi kuipita haraka. Salio la simu ni njia ya malipo kwa mtu asiye na kadi ya benki wala akaunti. Kupitia hilo anaweza kununua habari, masomo, ushauri wa kilimo au matokeo ya mitihani, na mtunzi mdogo wa maudhui anaweza kuwauzia watu wengi kwa bei ndogo bila kujenga mfumo wake wa malipo. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya zaidi ya dola milioni 30 kutoka kwa watu waliotuma neno moja kwenda 90999, kila ujumbe ukiwa mchango wa dola 10. Hakuna njia nyingine iliyokuwa nyepesi kiasi hicho wakati huo. Novemba 2013, AT&T, Sprint na T-Mobile zilipotangaza kuacha kuwatoza wateja ujumbe wa kulipia wa kibiashara, michango ya hisani na ya kisiasa iliachwa iendelee. Kwa hiyo wanaosema kwamba masharti makali yataua njia yenye manufaa wana jambo la kusikilizwa. Gharama za uthibitisho huwaumiza wadogo kuliko wakubwa.

Hata hivyo, mchango wa Haiti unaonyesha kinyume cha wanachokusudia. Ulikuwa mpango ambao kila tozo ilianzia kwa mteja, mara moja, kwa kiasi alichokijua, na kwa kusudi alilolielewa. Watu walilipa kwa mamilioni kwa sababu walitaka kulipa. Huduma inayopendwa haiogopi kumwuliza mteja mara mbili. India ililazimisha uthibitisho wa pili mwaka 2013, na Australia ilikuwa imefanya hivyo tangu 2009. Huduma inayokufa kwa kuulizwa swali moja la ziada ilikuwa ikiishi kwa watu wasiojua kwamba wanalipa, na sioni sababu ya kuilinda. Ninachokubali ni kwamba uthibitisho wa pili peke yake hautoshi. Programu za aina ya Joker zimeweza kusoma ujumbe wenye namba ya siri na kuithibitisha zenyewe, na kampuni ya kati isiyo mwaminifu inaweza kudai kwamba uthibitisho ulipokelewa. Ndiyo maana narudi kwenye mahali ushahidi unapotunzwa. Uthibitisho lazima upite na kuhifadhiwa ndani ya mfumo wa kampuni ya simu yenyewe, si wa anayesubiri malipo.

Jambo ambalo mijadala ya nchi tajiri hulipita kwa wepesi ni tofauti kati ya anayelipa baada na anayelipa kabla. Anayeletewa bili mwisho wa mwezi ana karatasi. Inaweza kuwa imeandikwa kwa maneno ya kuficha, kama FTC ilivyodai kuhusu bili za T-Mobile, lakini ipo, na siku moja ataisoma. Anayeweka vocha hana bili. Makato humfikia kama hisia tu: salio linaisha haraka. Wapo watoa huduma ambao mifumo yao hujaribu tena na tena kukata hadi salio lipatikane, kwa hiyo vocha ikiingia, wa kwanza kula si mwenye nayo. Mzee mmoja wa familia yetu aliwahi kuishi hivyo kwa muda mrefu, akiamini kwamba simu yake imezeeka na ndiyo inayokula salio. Hakuwa mzembe, alikuwa mtu makini sana na fedha zake. Hakuwa na mahali pa kuona kilichotokea, na aliyekuwa napo hakumwambia. Kwa kuwa kila kato ni dogo, hakuna atakayekwenda mahakamani. Laini milioni moja zikikatwa kiasi kidogo kila siku ni biashara kubwa ambayo hakuna hata mmoja wa waliokatwa anayeona sababu ya kuipigania peke yake. Udogo wa kiasi, ambao kampuni huutaja kupunguza uzito wa kosa, ndio hasa unaolifanya kosa liwezekane.

Wengine watasema haya yote ni ya zama zilizopita, kwamba ujumbe mfupi unakufa na tatizo linakufa nao. Uingereza ilipofunga mamlaka yake maalumu ya huduma za kulipia kwa simu na kukabidhi kazi hiyo kwa Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, tarehe 1 Februari 2025, ilikuwa rahisi kuliona tukio hilo kama mazishi. Australia inatufundisha vingine. Baada ya masharti ya ujumbe wa kulipia kukazwa mwaka 2009, makato yalihamia kwenye njia nyingine, ile ya kuweka bei ya maudhui moja kwa moja kwenye bili ya simu bila ujumbe wowote. Mwaka 2018 mahakama iliitoza kampuni ya simu ya Telstra faini ya dola milioni 10 za Australia kwa kuwatoza wateja maudhui ambayo wengi hawakujua wameyanunua, na njia hiyo ya malipo ilikuwa imewashwa kwenye akaunti zao bila wao kuomba. Mwaka 2019 kampuni nyingine ya simu, Optus, ilitozwa kiasi hichohicho, ikikiri kwamba ilijua tangu angalau Aprili 2014 kuwa wateja walikuwa wakitozwa kimakosa na haikuchukua hatua zilizofaa. Mlango wa zamani ulipofungwa, fungu la mapato lilipitia mlango wa pili, kwa sababu sheria iliukaba ujumbe ikauacha mkono unaokata. Nchi itakayotunga kanuni za ujumbe mfupi peke yake leo itazitunga upya baada ya miaka michache, kwa ajili ya programu, michezo, na mikopo ya salio.

Kwa mtazamo huo, hatua zinazofaa zinajitokeza bila kutafutwa sana. Kila laini iuzwe ikiwa imefungwa dhidi ya makato ya watu wengine, na aifungue mwenyewe mwenye laini anayetaka, kwa kiwango anachokiweka yeye. Namba inayorudishwa sokoni ifutwe huduma zote kabla ya kupewa mtu mpya. Hilo halihitaji hata sheria, linahitaji nia. Mteja akisema hakujiunga, arudishiwe kwanza, kampuni na mtoa huduma wabishane baadaye wao kwa wao. Na malipo kwa kampuni ya kati yacheleweshwe mpaka muda wa malalamiko upite, ili fedha za kurudisha ziwepo. Sehemu hii ya mwisho inaonekana ya kihasibu tu, lakini nadhani ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu huduma za kitapeli hutegemea kulipwa haraka na kutoweka kabla malalamiko hayajafika. Kiwango cha marejesho cha kila namba fupi kingetangazwa hadharani kila mwezi, mamlaka isingehitaji wachunguzi wengi. Namba yenye marejesho ya asilimia 10 ingekuwa imejitaja yenyewe.

Linabaki jambo moja ambalo bila hilo hata amri nzuri ya marejesho itawapita wanaostahili. Wateja wa Marekani waliorudishiwa fedha kupitia makubaliano yale waliweza kupatikana kwa sababu kampuni zilikuwa na rekodi za akaunti zenye majina na anwani, na wengi wao walikuwa na bili za zamani za kuonyesha. Mteja wa vocha hana kitu cha kuonyesha. Historia yote ya makato yake iko kwa kampuni, na kampuni isipolazimishwa kuitunza na kumpa anapoiomba, bila gharama na kwa lugha anayoielewa, hakuna mahakama itakayojua alipoteza kiasi gani. Kwa hiyo mamlaka inayojiandaa kutangaza menyu nyingine ya kujitoa iiongezee kipengele kimoja: mteja aone kila kato lililowahi kufanywa na mtu wa tatu kwenye laini yake, tarehe yake, kiasi chake, na nani alidai kwamba mteja aliridhia. Mifumo inayokata tayari inazijua taarifa hizo zote.